Honi ikilia, mwanafunzi wa urubani aishie hapo?

Kwenye Cessna 172 nyingi, ile ndege ndogo ya injini moja ya kujifunzia, honi ya kumtahadharisha rubani kwamba ndege inakaribia kuacha kubebwa na hewa haitumii umeme. Ni kitundu kidogo kwenye ukingo wa mbele wa bawa la kushoto, na ndani yake kijifilimbi kinacholizwa na hewa inayofyonzwa. Kabla ya kuruka, mwanafunzi hutandika leso juu ya kitundu, akakiwekea mdomo na kufyonza. Kikilia, honi ni nzima. Angani huanza kulia ndege ikiwa bado na akiba ya mwendo wa kilomita 10 hadi 20 hivi kwa saa. Ubishi mkubwa wa walimu wa urubani umo ndani ya akiba hiyo: je, mwanafunzi asahihishe palepale honi inapolia, au aachwe aendelee kuvuta usukani hadi bawa liache kubeba kweli, yaani aingie stoli kamili, ndipo ajinasue?

Kiambatisho cha 1 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kinataka anayeomba leseni ya rubani binafsi awe amefundishwa kutambua na kujinasua kutoka kwenye stoli inayoanza na stoli kamili pia. Kwa hiyo kwenye karatasi hakuna ubishi. Ubishi uko kwenye vitendo. Kuna mwanafunzi anayeonyeshwa stoli kamili asubuhi moja tu, akapigiwa tiki kwenye daftari, na kuanzia hapo hadi siku ya mtihani kila honi inapolia anaambiwa asukume pua chini na zoezi limekwisha.

Wanaotetea kuishia kwenye honi si waoga, na hoja zao ni nzito. Ya kwanza ni historia. Marekani ilimlazimisha kila rubani mwanafunzi afanye spini, ile hali ya ndege kuporomoka huku ikizunguka baada ya bawa moja kuzidi jingine kuacha kubeba, hadi mwaka 1949 ilipofuta sharti hilo na kuweka mkazo kwenye kuzuia stoli yenyewe. Kabla ya hapo, karibu nusu ya ajali zilizoua kwenye ndege ndogo zilitokana na stoli na spini. Baada ya hapo sehemu hiyo ilishuka sana. Ni kweli kwamba ndege zenyewe pia zilibadilika, zikawa ngumu kuingia spini, hivyo sifa zote haziwezi kwenda kwa mtaala. Lakini hakuna anayeweza kusema kuwa kufuta sharti lile kulileta maafa.

Hoja ya pili inauma zaidi. Wachunguzi wa usalama wa AOPA, chama cha wamiliki wa ndege na marubani cha Marekani, walipochambua ajali za stoli na spini zilizoua watu wakati wa mafunzo, walikuta takriban tisa kati ya kila kumi zilitokea mwalimu akiwa ndani ya ndege. Unaweza kujibu kwamba mwanafunzi aliye peke yake hatumwi kufanya mazoezi hayo, basi zitatokea wapi kama si kwa mwalimu? Jibu hilo lina ukweli, ila halimalizi. Linabakiza mwalimu ambaye yeye mwenyewe alionyeshwa spini mara moja alipokuwa akitafuta leseni ya ualimu, na tangu hapo hajagusa.

Ya tatu ni ya saikolojia, na FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, iliikubali mwaka 2016 ilipobadilisha mtihani wa kuruka polepole. Zamani mwanafunzi alitakiwa kuendesha ndege huku honi ikilia mfululizo. Sasa anatakiwa kuruka polepole bila honi kulia. Sababu yao: ukimzoesha mtu kukaa starehe na kelele ya hatari, siku ya hatari ataisikia kama redio ya jirani. Hapo sina la kupinga.

Sasa tuje kwenye takwimu ambayo pande zote mbili huipenda, kila mmoja kwa sababu zake. Katika uchambuzi huohuo wa AOPA, angalau asilimia 80 ya ajali za stoli na spini zilianza chini ya futi 1,000 kutoka ardhini, yaani chini ya kimo ambacho ndege huuzunguka uwanja kabla ya kutua. Wa kuishia kwenye honi huisoma hivi: Cessna 172, kwa mujibu wa kitabu chake, hupoteza kama futi 1,000 ikizunguka spini mara moja na kujinasua. Aliyeanza na futi 700 hana pa kujinasulia. Basi kumfundisha kujinasua ni kupoteza mafuta. Mfundishe asifike huko.

Hesabu ni sahihi, ila inapima kitu kisichohusika. Tazama ajali hizo zinavyotokea. Rubani anakata kona ya mwisho kuelekea njia ya kurukia, upepo unamsukuma, anaona amepitiliza mstari wa katikati. Anailaza ndege zaidi ili arudi. Akihisi ameilaza mno, mguu unakanyaga usukani wa mkia ili pua izunguke haraka. Pua inaanza kushuka, ardhi inajaa kwenye kioo, mkono unavuta. Cessna 172 yenye flapu zilizoshushwa, yaani vile vibapa vya nyuma ya mabawa vya kusaidia kuruka polepole, huacha kubebwa karibu na kilomita 90 kwa saa ikiwa imenyooka. Ikilazwa digrii 45 huku ikishikiliwa isishuke, kiwango hicho hupanda hadi karibu 107. Ikilazwa digrii 60, kinafika karibu 127. Na mwendo wa kawaida wa kuja kutua na ndege hiyo ni kama kilomita 120 kwa saa. Mtu huyu hakupunguza mwendo hata kidogo. Saa ya mwendo inamwonyesha namba ileile aliyofundishwa, na bawa limeshaacha.

Kinachoweza kumwokoa ni nusu sekunde ya kabla: mkono kuachilia badala ya kuvuta, mguu kutulia. Futi 1,000 za kujinasua hazimo kabisa kwenye hesabu yake. Mkono hauachilii kwa sababu umesoma. Unaachilia kwa sababu umewahi kuvuta hadi mwisho, ukahisi usukani umelegea kama ugali uliozidi maji, ukaona kwamba kuvuta zaidi kunaongeza mtetemo tu, kisha ukasukuma kidogo na ndege ikaanza kuruka tena mara moja. Aliyeishia kwenye honi miezi yote ya mafunzo anaijua honi. Kuvuta kunapogeuka kuwa tatizo lenyewe hakujui, kwa kuwa hakuwahi kuachwa afike huko. Kwa hiyo ile asilimia 80, ambayo kila mara huletwa kama pigo la mwisho dhidi ya stoli kamili, kwangu ndiyo hoja yake kubwa kuliko zote.

Kuna jambo jingine ambalo honi haifundishi. Stoli kamili mara nyingi huzamisha bawa moja. Tuseme ni la kushoto. Kila mtu, bila kuambiwa, huzungusha usukani kulia ili aliinue. Kibapa cha nyuma ya bawa la kushoto hushuka, na bawa ambalo tayari lilikuwa limeikabili hewa kwa pembe kubwa mno linaongezewa pembe. Linazama zaidi. Dawa yake ni kusukuma mbele kwanza, kuzuia ndege isigeuke kwa kukanyaga mguu wa upande wa pili, na kuacha suala la kulaza na kulazua hadi bawa liwe linabeba tena. Unaweza kuyaeleza hayo ubaoni kwa dakika tano na mwanafunzi akaitikia kwa kichwa. Angani, bawa likizama mara ya kwanza, mikono yake itazungusha usukani kulia. Ya pili pia, pengine. Ni kwenye kurudia ndipo mkono unapokubali.

Wanaosema haya ni mambo ya ndege ndogo tu, kwamba kwenye ndege kubwa stoli ni kitu cha kuzuiwa na mitambo, wana mwaka 2009 wa kujibu. Februari 12 mwaka huo, Colgan Air safari ya 3407, ndege ya abiria aina ya Dash 8 Q400, ilikuwa ikikaribia Buffalo, Marekani. Usukani ulitetemeka kumwonya rubani. Alivuta. Mtambo wa ndege ukasukuma usukani mbele kwa nguvu zake wenyewe. Akavuta dhidi yake. Wote 49 ndani walikufa, na mtu mmoja aliyekuwa nyumbani kwake chini. Juni 1, Air France 447 ilipoteza vipimo vya mwendo juu ya Atlantiki kwa barafu kuziba vipimio, na kwa sehemu kubwa ya anguko lake kutoka karibu futi 38,000 usukani ulikuwa unavutwa. Watu 228.

Kilichofuata ndicho kinachonishughulisha. Kwa miaka mingi mitihani ya marubani wa mashirika Marekani iliwapima kwa kupoteza kimo kidogo iwezekanavyo wakati wa kujinasua, na watahini wengi walihesabu futi 100. Ukitaka kupoteza futi 100 tu, unashikilia pua juu na kumwaga nguvu zote za injini. Yaani mfumo mzima ulikuwa unampa alama mtu kwa kufanya kile kinachoua. Agosti 2012 FAA ilitoa mwongozo mpya: punguza pembe ya bawa kwanza, kimo utakirudisha baadaye. Mwaka 2013 ikatoa kanuni ya kuwataka marubani wa mashirika wafanye stoli kamili kwenye vibanda vya kuigiza ndege, na tarehe ya mwisho ikawa Machi 2019. Watu waliokuwa na maelfu ya saa walirudishwa kwenye kile ambacho mwanafunzi wa saa 10 anaambiwa hakihitaji.

Huku kwetu ubishi huu una sura yake, na sura hiyo ni pesa. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Kanuni ya Marekani, ambayo shule nyingi duniani huitazama, inataka ndege ya injini moja iwe imeshajinasua kabla ya kushuka chini ya futi 1,500 kutoka ardhini, na mwalimu mwangalifu huanzia 3,000 au zaidi. Kwa Diani au Malindi, futi 3,500 kwenye kipimo cha kimo zinatosha. Kwa mwanafunzi wa Wilson, kipimo kisome 8,500 au zaidi, kwenye hewa nyepesi ambayo imeshaipunguzia injini isiyo na turbo takriban robo ya nguvu zake. Ndege inapanda kwa kujikongoja, mita ya saa inahesabu, na mzazi aliyeuza kipande cha shamba ndiye analipa. Hapo ndipo inapojitokeza ile sauti ya kusema tufanye hapahapa kwenye futi 2,000 kutoka ardhini, tutaishia kwenye honi. Kuishia kwenye honi kunapoletwa na bili ya mafuta, tusikuvishe kanzu ya falsafa ya usalama.

Msongamano nao ni wa kweli. Machi 5, 2024, Cessna 172 ya mafunzo na Dash 8 ya abiria ziligongana juu ya Mbuga ya Nairobi, na wawili waliokuwa kwenye ile ndogo wakafariki. Haikuwa zoezi la stoli, lakini mtu anayeinua pua kwa makusudi hadi haoni kilicho mbele yake ana sababu zaidi ya kugeuka kushoto na kulia kwanza kuangalia anga, kutangaza redioni alipo, na kuondoka juu ya mitaa.

Je, spini nayo? Hapo naungana na wa upande wa pili kwa sehemu kubwa. Kumlazimisha kila mwanafunzi, na walimu tulionao, na ndege zilizozeeka kuliko wanafunzi wenyewe, ni kuongeza vifo ili kuzuia vifo. Walimu ndio wa kuanza nao: warudishwe kwenye spini mara kwa mara, na mtu aliyebobea, si kwa kusainiwa mara moja tu maishani. Mwanafunzi apate stoli kamili mara nyingi, zikiwemo za kwenye kona, juu sana, akiiga ile kona ya mwisho ya kutua iliyokatwa vibaya. Na kama anataka spini, kitabu cha Cessna 172 kinairuhusu ikiwa tu viti vya nyuma na sehemu ya mizigo ni vitupu na uzito uko ndani ya mipaka iliyoandikwa humo. Mwalimu asiyeweza kukufungulia ukurasa huo kabla ya kuwasha injini, mwombe zoezi jingine siku hiyo.