Nyuki wa Baba Mkubwa na Mrithi wa Kujitangaza

Kwa kuwa binamu yangu amekwisha kuisambaza ile video ya nyuki wakinifukuza katika kundi la ukoo, na kutoka huko imefika Kyela, Makambako na hata kwa mwenye duka anayenidai hapa Uyole, naona ni heri mnisikie na mimi kabla uvimbe wa mdomo haujaisha. Nianze kwa kusahihisha jambo moja. Si kweli kwamba niliruka juu ya kaburi. Nililizunguka, tena mara mbili, na mtu mwenye haki atakubali kwamba hata katika hali ile sikumkosea marehemu heshima.

Jumamosi iliyopita tulikuwa Tukuyu kwa ibada ya kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu Baba Mkubwa alipotutoka. Mzee yule alifanya kazi TAZARA hadi alipostaafu, lakini ukimuuliza mtu yeyote wa mtaani kwake marehemu alikuwa nani, hakuna atakayetaja reli. Mmoja atakwambia alikuwa mpiga picha, ambaye mwaka 1986, Tukuyu Stars ilipotwaa ubingwa wa ligi ya Tanzania Bara, alimaliza mikanda ya filamu kwa kuwapiga picha mashabiki wa Banyambala, kama timu hiyo ilivyoitwa, na kusahau kabisa kwamba nyumbani alikuwa ameahidi kupiga picha za ubatizo. Mwingine atakwambia alikuwa mtu wa kadi za salamu, maana jina lake lilisomwa redioni mara nyingi kuliko majina ya viongozi. Wazee watakutajia bao, wanakwaya watakutajia sauti yake ya besi, na watoto watakutajia njiwa. Kila jambo alilolipenda lilikuwa na daftari lake, lenye jalada la khaki na kichwa cha habari kwa herufi kubwa: NYUKI, SALAMU, PICHA, BAO, KWAYA. Katika lile la BAO aliandika hata tarehe alizomfunga mkwewe, pamoja na visingizio vya mkwe. Wala hakufanya lolote peke yake. Lazima pawe na mtoto wa kushika kitu, mwingine wa kuhesabu na mwingine wa kutumwa kiberiti, ndiyo maana nyumba ile haikukauka watoto. Mama Mkubwa alikuwa akisema ameolewa na wanaume saba, na wote saba wanataka chai kwa wakati mmoja.

Katika kikao cha ukoo baada ya arobaini, mambo hayo saba yaligawanywa. Redio alipewa dada, bao akapewa Baba Mdogo, na kamera ya Yashica ikaenda kwa huyohuyo binamu msambaza video. Nyuki wakakosa mtu. Ukimya ulipozidi nikasimama, nikakunja mikono kifuani, nikasema, "Nyuki niachieni mimi. Marehemu alinifundisha mwenyewe." Ukweli ni kwamba nilimshikia bomba la moshi siku moja tu, nikiwa na miaka kumi na miwili. Tangu kikao kile mizinga imehudumiwa na jirani, na mimi nimeihudumia kwa maneno nikiwa Mbeya mjini. Ninyi mnaonifuatilia ni mashahidi wa namna nilivyowaeleza hapa habari za malkia na masega na kujibu maswali yenu kama mtu aliyezaliwa mzingani. Yule ndugu aliyenunua mizinga miwili kwa ushauri wangu, naomba anisamehe.

Basi wazo la kurina asali mbele ya wageni na kumkabidhi Mama Mkubwa sega la kwanza lilikuwa langu, hilo silikani. Daftari la NYUKI linasema asali irinwe jioni, jua likishazama, kwa sababu nyuki wetu hawa ni wakali na mchana ukali huzidi. Lakini ibada ilipangwa mchana, na mvua ya Tukuyu haina adabu ikishapita saa nane, hivyo niliamua kwamba saa sita na nusu ni muda unaofaa. Daftari linasema pia mtu asijipake manukato. Mimi nilijipulizia, kwani mgeni rasmi wa shughuli hanuki jasho. Kisha linasema, kwa wino mwekundu, mtu asile ndizi mbivu kabla ya kwenda mzingani. Hilo siku zote nililichukulia kuwa mwiko wa wazee. Nilikuja kuelezwa baadaye, kitandani, kwamba harufu anayotoa nyuki ili kuwaita wenzake vitani inafanana na harufu ya ndizi mbivu. Sasa niambieni, ninyi mnaoijua Tukuyu, ni nani anayefika pale akaepuka ndizi mbivu? Nilikuwa nimekula nne.

Vazi la marehemu lilikuwa safi, limekunjwa vizuri sandukuni, ila Baba Mkubwa alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe, na mimi mnaniona kwenye picha. Zipu ilikataa kufunga, ikabaki nafasi ya vidole vinne shingoni. Binamu akaiziba kwa pini ya kubania nepi, akanipigapiga mgongoni, akasema niko salama. Kumbe simu yake ilikuwa imekwisha kuanza kurekodi.

Mizinga iko nyuma ya miparachichi, hatua kama arobaini kutoka kwenye turubai walipokaa wageni. Majani makavu ya migomba niliyojaza kwenye bomba yalikuwa na unyevu, nayo yakatoa moshi wa kuwafukuzia mbu wawili, kisha yakazimika. Mtu mwenye akili angerudi kuwasha upya, maana moshi ndio unaofunika ile harufu ya vita na kuwafanya nyuki wajishughulishe kujaza asali tumboni wakidhani msitu unaungua. Mimi nilisikia kipaza sauti kikinitangaza, "Na sasa kijana wetu, aliyerithi mikono ya marehemu," nikaona aibu kugeuka. Nikainama kubandua kifuniko kilichogandishwa kwa gundi ya nyuki. Nilipoinama, pini ikafyatuka.

Nyuki wa kwanza aliingia kwa utulivu wa mgeni aliyealikwa kwa kadi. Alipita shingoni, akapanda nyuma ya sikio, kisha nikamwona ametua kwenye wavu wa kofia, upande wa ndani, mbele kabisa ya jicho langu la kushoto, karibu kiasi kwamba nilishindwa kumtazama bila kufanya makengeza. Akajipangusa uso kwa miguu ya mbele. Nikasimama kama nguzo ya umeme, nikijiambia kwamba mtaalamu hatikisiki. Akaruka kidogo, akatua juu ya mdomo wa juu, pale ambapo masharubu yangu yamekataa kuota miaka yote, akaanza kutembea taratibu kuelekea pua ya kulia. Nilimhesabia hatua. Nikabana pumzi hadi nikaona nyota mchana. Nyuma yangu kwaya ilikuwa imeanza wimbo wa pole, watu wote wakiusubiri muujiza. Alipofika mlangoni mwa pua akasimama, akawa kama anayetafakari kama abishe hodi. Hapo pumzi zikaniishia, nikapumua kwa nguvu, na pumzi yenyewe, ndugu zangu, ilikuwa ya ndizi nne.

Akanichoma. Nami nikafanya jambo la kipumbavu kuliko yote yaliyotangulia. Nilijipiga kofi. Kofi lile lilimponda nyuki usoni pangu, harufu yake ikatoka yote kwa mkupuo, na mzinga mzima, ambao sasa ulikuwa wazi, ukanguruma kama basi la Kyela linapopanda mlima. Kisha wakaja kuniuliza kulikoni, wote kwa pamoja, kupitia ile nafasi ya vidole vinne.

Mtu anayefukuzwa na nyuki anatakiwa kukimbilia ndani ya nyumba yenye giza au kupenya katikati ya migomba. Lakini binadamu akiumia hukimbilia ndugu zake, nami nilikimbilia turubai. Yaliyofuata mmeyaona kwenye video, sina haja ya kuyarefusha. Viti vilianguka, mchungaji akachomwa mara moja sikioni, kwaya ikatawanyika na walioongoza mbio walikuwa besi. Wengine watatu walichomwa, wote wazima. Mama Mkubwa alinivutia jikoni, akanikwangua miiba kwa ukucha, akaihesabu kwa sauti hadi ishirini na tatu. Zahanati nikapewa dawa. Jioni chakula kililiwa, na nilipojaribu kutoa neno la shukrani, "ndugu wapendwa" ilitoka "ndugu wahendwa," nikaombwa nikae.

Hapo ndipo Mama Mkubwa, akiwa bado anafuta machozi ambayo sitaki kuchunguza yalikuwa ya nini, alipoingia chumbani na kutoka na daftari la NYUKI. Alilifungua katika ukurasa wa mwaka 1998, akausoma mbele ya ukoo mzima kwa kuiga sauti ya marehemu: "Leo kijana ameshika bomba kwa dakika tatu, kisha amelitupa na kukimbilia jikoni. Ana jicho zuri la kuona vitu, ila hana moyo wa nyuki."

Video ya binamu inakatika hapohapo kwenye neno "nyuki," nanyi mkacheka mkaendelea na shughuli zenu. Ukurasa haukuishia hapo. Una mstari mmoja zaidi, uliopigiwa mstari kwa wino mwekundu, nao Mama Mkubwa aliusoma kwa sauti mara mbili, na mashahidi wako: "Huyu apewe kamera."

Kamera hadi sasa iko Makambako kwa binamu. Nimempigia simu mara nne. Anasema daftari si wosia, na kwamba nilipe zipu kwanza.