Mercedes hakukosea kuupiga ule mpira

Tarehe 17 Mei 2021, Minneapolis. Ni besiboli ya ligi kuu ya Marekani: Chicago White Sox wanaongoza 15-4 na mchezo uko ukingoni. Minnesota Twins wameshakata tamaa, wamemweka Willians Astudillo arushe mpira ilhali kurusha si kazi yake. Mipira mitatu ya kwanza ikaenda kombo. Kuna desturi, haijaandikwa popote, kwamba timu ikiwa mbele kiasi hicho, mpigaji anauacha wa nne upite. Yermín Mercedes, mpigaji wa White Sox, hakuuacha. Ulikuja polepole, kama kilomita 75 kwa saa, akaugonga mpaka nje ya uwanja.

Kocha wake, Tony La Russa, akamsema hadharani. Kesho yake mrushaji wa Twins akamrushia Mercedes mpira nyuma ya miguu, na La Russa akasema yeye haoni tatizo. Kocha wa timu yake mwenyewe!

Mimi nasimama na Mercedes. Huyu ni mtoto wa La Romana, mji wa miwa katika Jamhuri ya Dominika. Alisajiliwa mwaka 2011 na Washington Nationals, wakamwacha, akaenda kubangaiza kwenye vijiligi huru. Ligi kuu aliionja Agosti 2020, akiwa na miaka 27, mchezo mmoja tu. Halafu Aprili 2021 akaanza msimu kwa kupiga mara nane mfululizo bila kukosa. Mara nane!

Heshima ya mchezo ni neno tamu ukiwa umeshiba. Wakati huo mshahara wa chini wa ligi kuu ulikuwa dola 570,500 kwa mwaka. Baadhi ya wa madaraja ya chini walilipwa kama dola 11,000, hadi mkataba wa 2023 ulipowapandishia. Mtu aliyetoka huko hana mpira wa kuuacha upite. Takwimu zake ndizo ugali wake.

Nikubali, baada ya hapo gongo lake lilipoa kweli, sitamsingizia kocha kila kitu. White Sox walimshusha Charlotte, timu yao ya daraja la chini, tarehe 2 Julai. Kwao Dominika tarehe hiyo ilisubiriwa kwa miaka mingi kama sikukuu: ndipo dirisha la timu za ligi kuu kusajili vijana wa miaka 16 lilipokuwa likifunguliwa.