Stika Iliyomezwa na Kioo

Mark X yangu haikuwa na kasoro yoyote isipokuwa ile kromu inayozunguka vioo. Toyota waliuza magari haya kwao Japani kuanzia 2004 hadi 2019, na nadhani mzee aliyelimiliki langu kabla halijapanda meli aliupenda ule mng'ao. Vijana wa Kigamboni hawaupendi. Mpwa wangu alilizunguka mara moja, mikono nyuma, akatikisa kichwa.

"Mjomba, hizi kromu watu walishaachana nazo. Piga stika nyeusi."

Fundi wa stika akanitajia bei, nikamwambia nitarudi. Maana ya "nitarudi" mnaijua.

Nikaenda Kariakoo, nikakatiwa mita moja ya stika nyeusi ya kung'aa. Roli lake lina upana wa mita moja na nusu hivi, na kromu yenyewe ni vidole viwili tu, kwa hiyo mita moja inatosha gari zima na chenji inabaki. Hapo nikajiona nimeshamzidi fundi akili.

Kazi yenyewe ina adabu zake. Kwanza unafuta kromu kwa spiriti, maana gundi haishiki juu ya nta wala mafuta. Halafu unaipasha stika moto kidogo ili ilainike kwenye kona, lakini usiivute. Plastiki hii haisahau: ukiivuta kwa nguvu, jua la Dar likiipiga siku mbili tatu inarudi ilikotoka na kona inabaki wazi. Yote hayo niliyaona kwenye video. Video ilipigwa ndani ya gereji iliyofungwa milango, mimi nilikuwa uani, mwezi wa nane, kusi inavuma kutoka baharini.

Kipande cha kwanza nilipokibandua tu karatasi yake, upepo ukakikunja katikati. Gundi ikikutana na gundi, hakuna kadhi wa kuzitenganisha. Cha pili kilishuka mchangani, kikapanda na unyoya wa kuku. Cha tatu kilikaa vizuri kabisa, ila kwenye mkono wangu.

Moto nilikuwa nautoa kwenye draya ya mke wangu, ambaye saluni yake ipo hapo mbele ya nyumba. Akatoka na kitana mkononi.

"Baba watoto, mteja wangu anachuruzika maji, wewe unakausha gari?"

Nikaomba dakika tano. Nilizipata kwa masharti ambayo hayawahusu.

Sasa ile kromu ya chini ya kioo imepakana na mpira, ule unaokifuta kioo kikishuka. Ukingo wa stika unatakiwa uingie chini ya mpira, ziada ikatwe kwa wembe. Mimi kukata kata siku zote naona ni uchoyo. Niliiacha ziada yote, nikaisukuma ndani mpaka mwisho kwa kadi ya benki, ambayo tarehe zile haikuwa na kazi nyingine. Ikashika. Gari likawa jeusi tii kuzunguka vioo. Nikampigia mpwa picha, akajibu kwa vijimoto vingi.

Jumamosi tulikuwa na send-off upande wa pili wa mji. Mke wangu mbele, mama mkwe nyuma na kitenge chake kipya, AC imegoma, vioo vyote juu kwa sababu ya vumbi. Tukafika Daraja la Nyerere, kwenye kibanda cha kulipia. Nikabonyeza swichi ya kioo.

Krrrrp.

Kumbe gundi ilikuwa imekishika kioo. Kilivyokuwa kinashuka kilikuwa kinaondoka na stika, kinaivuta ndani ya mlango, na kromu ya yule mzee inachungulia tena, inang'aa kuliko mwanzo maana niliipiga spiriti. Kioo kikafika nusu kikakwama. Nikapitisha hela juu ya kioo. Dada wa kibandani alizipokea huku ameangalia pembeni, mabega yanamtikisika. Nikabonyeza kupandisha: kioo kikarudi na stika imejikunjakunja katikati yake, usawa wa jicho langu. Nyuma honi zimeanza.

"Mwanangu," mama mkwe akasema kwa upole, "gari linavua nguo mbele za watu."

"Ni upepo, mama."

"Haya. Ngoja na mimi nipate huo upepo." Akabonyeza cha kwake.

Krrrrp.

Send-off tulifika. Mama mkwe alipewa kipaza sauti atoe neno kwa bibi harusi, na neno lilihusu vioo. Sauti ya krrrrp aliiigiza vizuri kuliko nilivyotegemea kwa mtu wa umri wake, na MC akaomba airudie.

Jumatatu nikawa kwa fundi wa vioo. Akafungua kava la ndani la mlango, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akatoa bonge jeusi la stika lenye unyoya. Akaingiza tena, akatoa sarafu. Ilikuwa yeni 100, bila shaka ilimponyoka yule mzee huko kwao. Fundi akaigeuza, akaisugua kwenye ovaroli, akaing'ata kidogo.

"Hii yangu," akasema, akanikabidhi lile bonge. "Mzee, wewe chukua mali yako."