Funika Daftari Kwanza

Nikiwa mwaka wa pili niliingia kwenye mtihani wa baiokemia na uhakika ambao leo unanichekesha. Desa (notsi) la mzunguko wa Krebs, yaani hatua za kikemia ambazo seli hupitia kupata nishati, nilikuwa nimelisoma mara sita au saba, na kurasa zake zilikuwa njano tupu kwa hailaita. Swali likaja lilelile. Nikashika kalamu, na kilichonijia kichwani kikawa picha ya ukurasa: upande wa kushoto, mchoro juu, doa la wino pembeni. Lile doa nililiona vizuri kabisa. Majina yaliyouzunguka mchoro, ukiacha sitrati, hayakuja.

Kwa muda mrefu nilidhani mimi ni mzito wa kuelewa, au sikupiga msuli vya kutosha. Siku hizi nasema bila kupepesa: kosa lilikuwa kwenye namna ya kusoma, na wengi wetu chuoni ndiyo tuliyonayo. Unasoma, unapiga mistari, unarudia, unarudia tena. Kila ukirudia ukurasa unakuwa mwepesi, nawe unadhani wepesi huo ndio kuelewa. Kumbe umeuzoea tu, kama unavyoizoea sura ya mtu unayepishana naye kila asubuhi na jina lake hulijui.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio ambalo ningetamani libandikwe kwenye mlango wa kila maktaba. Kundi moja la wanafunzi lilisoma kifungu kifupi kwa vipindi vinne mfululizo. Jingine lilisoma kipindi kimoja, kisha likafunika karatasi na kuandika linachokumbuka, mara tatu. Dakika 5 baadaye waliorudia kusoma walikuwa mbele. Wiki moja baadaye walikumbuka asilimia 40 ya kifungu. Wale wa kufunika, asilimia 61. Kinachoniuma zaidi ni hiki: walipoulizwa wanatarajia kukumbuka kiasi gani, waliorudia kusoma ndio waliojiamini zaidi. Nilijiona mimi na hailaita yangu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja, na haufurahishi. Soma sehemu fupi, funika daftari, chukua karatasi tupu, andika kila unachokumbuka. Utaanza kwa mbwembwe, mistari mitatu minne, halafu mkono utasimama. Hapo ndipo mtu hutamani kuchungulia. Usichungulie. Kaa na ule ukimya dakika moja au mbili, chokonoa kichwa, andika hata unalolitilia shaka. Kisha funua, na ulichokosa kijaze kwa kalamu nyekundu. Karatasi yangu ya kwanza ilikuwa nyekundu kuliko buluu, na nilikereka kiasi cha kutaka kurudi kwenye hailaita. Lakini lile eneo jekundu ndilo lililonionyesha cha kusoma usiku ule. Desa la njano lilikuwa halijawahi kunionyesha chochote, maana kila mstari ulikuwa muhimu.

Kesho yake usirudie yote. Acha siku moja au mbili zipite, usahau kidogo, ndipo ujaribu tena. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alikwishaonyesha mwaka 1885 kwamba sehemu kubwa ya tunachojifunza hupotea mapema, na kwamba marudio yaliyoachiwa nafasi hushinda yaliyorundikwa siku moja. Hii ndiyo sababu sina heshima kubwa kwa kukesha. Anayekesha anaweza kufaulu kesho, sikatai, nimewaona. Ila mwulize mada hiyohiyo muhula unaofuata, somo jipya linapojengwa juu yake.

Diskasheni nazo zina ujanja wake. Watu sita mezani, mmoja anaeleza, watano wanatikisa kichwa. Nani amesoma hapo? Yule anayeeleza. Wengine wametoka na ule wepesi niliousema, safari hii wa kuazima. Kundi letu lilipona tulipoanza kupokezana: anayeshika zamu anafunga daftari na kufundisha, wenzake kazi yao ni kumkata kwa maswali. Wawili walihama kundi wiki ileile. (Simu sitazieleza sana. Iweke chumba kingine, basi.)

Najua kuna atakayesema yeye ni wa hesabu, hana cha kukariri. Hesabu ndiyo inayodanganya kupita zote. Unafuatilia swali lililokwisha kufanywa, mstari baada ya mstari, kila hatua unasema "ndiyo, sawa", na inaisha bila ubishi. Lakini hakuna mahali uliposimama ukaamua mwenyewe hatua inayofuata ni ipi, na mtihani unauliza hilo tu. Vivyo hivyo kwa pasti pepa zinazosomwa pamoja na majibu yake pembeni. Funika jibu. Ukikwama, fungua mstari mmoja tu, ufunike tena, uendelee. Na kama mstari wenyewe hauuelewi hata ukiwa wazi mbele yako, kufunika hakutakusaidia: tafuta mtu akueleze kwanza, halafu urudi kwenye karatasi tupu.