Sahani ya Mfalme wa China

Shimo la choo lilikuwa halijanifika hata goti, jembe likagonga kitu kikalia kling'! Hapo ni Pujini, kisiwani Pemba, nyuma ya nyumba ya mama, na mtu wa Pujini akisikia mlio kama ule ardhini hafikirii jiwe. Sie tumekulia jirani na magofu ya ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa karne ya 15, na ukatili wake tumehadithiwa tangu hatujaota meno. Inasimuliwa kwamba aliwabebesha watu mawe huku wanajisogeza kwa makalio. Kisima chake nacho, wanasema, alikikata kwa ukuta ili wake zake wawili wasikutane wakiteka maji. Bwana mwenye nguvu zote hizo, lakini ugomvi wa uke wenza ulimshinda mpaka akaita mafundi. Mtu kama huyo hawezi kufa bila kuacha chochote.

Nikainama. Kigae, kipana kama kiganja, cheupe, kina maua ya buluu. Nikakigeuza. Mgongoni kimeganda udongo, lakini nikaona mchoro wa mnyama kajilaza, kichwa kakiinua, na uso wake kama wa binadamu. Nikatema mate, nikasugua kidogo. Sikusugua sana, maana moyo ulikuwa umeshaamua.

"Joka," nikasema peke yangu mle shimoni. "Joka la mfalme wa China."

Msinicheke. Vyombo vya China vimeokotwa katika magofu ya pwani yetu yote, na watu wa kale walikuwa wakivipachika kwenye kuta za misikiti na makaburi kama pambo. Nilikuwa na elimu ya kutosha kunipoteza.

Nikampelekea mama ukumbini. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata macho.

"Mama, hiki ni cha miaka mia sita."

"Choo kimefika wapi?"

Kesho yake nikakifunga ndani ya kanga yake iliyoandikwa "Siri ya mtungi aijuae kata", tukaondoka kwenda makumbusho Chake Chake. Mama naye alikuja. Hakuamini joka hata kidogo, lakini kiwanja ni chake, na alitaka awepo iwapo pesa zitatajwa.

Kwenye daladala nilikuwa nimeazimia kunyamaza. Azma yangu iliishia kituo cha pili. Jirani yangu aliuliza nimebeba nini kwa adabu zote hizo, kama mtu aliyebeba mayai, nami nikamfunulia pembe moja tu ya kanga. Akaniuliza nimekitoa kina gani. Nikamwambia kina cha mtu mzima aliyesimama. Mama akanitazama, akatazama nje. Tunaingia Chake, nikasikia mtu kiti cha nyuma anazungumza na simu: Pujini limefukuliwa sanduku la dhahabu, na mwenyewe yumo humu humu garini, kavaa kandambili. Yakhe mmoja ninayemdai pesa za karafuu alishuka kabla ya kituo chake. Wawili ninaodaiwa nao walisogea karibu.

Makumbusho yenyewe yamo ndani ya ngome kongwe, au niseme ndani ya kilichobaki, maana sehemu kubwa ilivunjwa zamani ili ijengwe hospitali. Kuta nene, na ndani baridi hata nje jua likiwaka. Mama alipita taratibu, mkono umeshika buibui. Mie sikutazama kitu. Nilikuwa natafuta mahali watakapokiweka changu, na nilishachagua, karibu na mlango, penye mwanga.

Nilimkuta dada mmoja mwenye miwani, mpole, anayevijua vigae kama mama anavyoijua michele. Nikamfungulia kanga. Hakushtuka. Nikadhani ni mafunzo ya kazi, kwamba hawaruhusiwi kushtuka mbele ya wageni.

"Kiguse na ulimi," akaniambia. "Hapo kilipovunjika."

"Nikilambe?"

"Kiguse tu."

Nikakigusa. Kikaninasa ulimi kama mtu kanishika. Akaeleza kwamba kauri ya China hainasi hivyo. Imechomwa kwa moto mkali mpaka imekuwa kama kioo, haifyonzi maji. Hiki kinafyonza, kwa hiyo ni udongo wa kawaida uliopakwa rangi ya kung'aa juu. Kisha akauliza kilitoka wapi hasa.

"Shimo la choo," mama akajibu kabla yangu.

"Choo kipya," nikasema haraka, bado naonja udongo.

"Kina gani?"

Pale sikuweza kusema mtu mzima. Nikamwonyesha chini ya goti.

"Na pembeni yake kulikuwa na nini?"

Nikauliza pembeni kuna kazi gani, si nimeleta chenyewe? Akacheka, akasema kitu peke yake hakisemi umri wake, kinasemewa na vilivyolala nacho. Ndiyo maana wachimbaji wa mambo ya kale hawang'oi kitu wakakimbia nacho. Wanafuata udongo tabaka kwa tabaka, wanaandika kila kilichomo, hata mfupa wa samaki, hata mkaa.

"Mkaa haukuwepo," nikasema. "Kulikuwa na betri tu."

"Betri?"

"Betri la redio. Lile nene, limeoza kutu."

Akavua miwani akaifuta. Na mie, neno "betri" lilivyotoka mdomoni, nikahisi kitu kinaamka huko nyuma kabisa ya kichwa, kitu nilichokuwa nimekizika vizuri sana.

Dada akachukua kitambaa chenye maji, akasugua mgongo wa kigae. Sasa alisugua barabara. Yule mnyama akatokea mzima. Si joka. Ana mwili wa simba na kichwa cha mtu, sfinksi, na pembeni herufi za kizungu: MAASTR, hapo pamevunjika.

"Maastricht," akasema. "Uholanzi. Kiwanda cha Petrus Regout, sfinksi ndiyo alama yao. Sahani za huko ziliuzwa sana pwani hii, nyumba nyingi za Unguja na Pemba zilikuwa nazo."

"Yetu sie ilikuwa moja," mama akasema.

Alikuwa ameshasogea. Akakichukua kigae, akapitisha kidole gumba juu ya ua moja lililokwaruzwa.

"Hii sahani ya kombe ya marehemu mama," akasema taratibu. "Mwalimu akiandikia hapa zafarani, tukisuuza kwa marashi, wagonjwa wanywe. Ilipotea mwaka 1986. Wiki ile ile baba yenu alitafuta betri la redio mpaka akavua godoro."

Kwa mwaka huo mie nilikuwa na miaka saba, na nilikuwa dereva. Gari langu lilikuwa boksi, betri ndiyo honi, na usukani, kwa kuwa gari bila usukani si gari, nilikuwa nimeuazima kabatini. Nilikata kona ya Wete kwa kasi mno. Nikachimba nyuma ya nyumba, nikazika usukani na honi, nikasawazisha kwa majani makavu, nikaingia ndani kuosha miguu. Jioni alichapwa kaka yangu mkubwa, kwa sababu alionekana uani na mpira.

"Mama," nikaanza.

"Nipe simu."

Kaka yupo Unguja, ana wajukuu sasa. Mama akamweleza yote pale pale, sauti ya simu imefunguliwa, dada wa makumbusho anajifanya anapanga karatasi. Upande wa pili kimya. Nikadhani mtandao umekata. Kisha kaka akauliza, kwa utulivu wa hakimu:

"Boti ya Pemba ni lini?"

Alikuja na begi dogo na halwa. Mama ameamua choo kitasubiri, kwanza vipande vyote vya sahani vitoke, hata cha ukubwa wa kucha, na mchimbaji ni mie peke yangu. Mpaka leo nimetoa vitano. Kaka amekalia kiti cha plastiki kivulini, kahawa mkononi, ananisimamia. Jana nilishika jembe, akanipokonya.

"Tabaka kwa tabaka, mtaalamu," akasema, akanikabidhi mswaki.