Saba Saba ya Kiswahili redioni: siku nzima, au nusu saa kila wiki?

Tangu UNESCO ilipoitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, Novemba 2021, redio za umma za kwetu zimepata swali la kujibu kila mwaka. Je, siku hiyo ipewe mawimbi kutwa, kuanzia alfajiri hadi usiku, kwa mazungumzo, mashairi, ngano, taarab na simu za wasikilizaji? Au ipite na kipindi kimoja kizuri, halafu nguvu zote ziende kwenye ile nusu saa ya utamaduni inayorudi kila wiki? Kila upande una watu wanaoipenda lugha kwa dhati. Wanachogombania ni dakika, watu na fedha, na redio ya umma haina hata kimoja cha ziada.

Tupige hesabu kwanza. Ukianza saa 12 asubuhi na kumaliza saa 5 usiku, una saa 17, yaani dakika 1,020. Taarifa ya habari ya dakika 5 kila saa inakula 85. Taarifa mbili kubwa, ya mchana na ile ya saa 2 usiku, zikiwa za dakika 20 kila moja, zinaongeza 30, maana dakika 5 za kila moja zimeshahesabiwa. Matangazo ya vifo, hali ya hewa na biashara, tuseme dakika 5 kila saa, yanaondoa 85 nyingine. Zinabaki 820. Mtu akisema "siku nzima ya utamaduni", hizo dakika 820 ndizo anazoomba zijazwe.

Zitajazwa na nini? Kwa kawaida ya kazi hii, dakika moja ya makala iliyorekodiwa nje, ikasikilizwa, ikakatwa na kuchanganywa na sauti za mahali, inadai kama saa moja ya kazi. Ukitaka dakika 240 za makala za namna hiyo, umeomba saa 240, ambazo ni siku 30 za mtu mmoja, au siku 6 za watu watano ambao wameacha kila kitu kingine. Hapo ndipo hoja ya wanaopinga inapoanza, na ni hoja nzito. Watu hao watano ndio wanaotengeneza vipindi vya kila wiki. Wakichukuliwa siku hizo 6 zote kwa ajili ya siku moja, mkulima anayengoja kipindi chake Jumanne anapewa marudio, na kipindi cha watoto kinasomwa kutoka kwenye karatasi.

Hoja yao ya pili ni mazoea. Maneno ya redio huingia kwa kurudiwa. Redio Tanzania Dar es Salaam ilipoanza kurusha mchezo wa Twende na Wakati mwaka 1993, ulisikika mara mbili kwa wiki, na kituo cha Dodoma kikaachwa bila mchezo huo hadi 1995 ili watafiti walinganishe. Walikuta kwamba maeneo yaliyousikia yaliongoza katika kukubali na kutumia uzazi wa mpango. Wahusika walizoeleka nyumbani, watu wakawabishania kisimani na sokoni, kisha wakawangoja tena baada ya siku tatu nne. Kule Kenya, Je, Huu ni Ungwana? cha Leonard Mambo Mbotela kilianza 1966 na kikaishi zaidi ya miaka 50. Kilikuwa kifupi, chenye swali moja ambalo hata mtoto aliweza kulirudia. Siku moja kwa mwaka, hata iwe nzuri namna gani, haijengi kitu cha aina hiyo.

Lakini nusu saa nayo ina ukuta wake, na ukuta huo unaonekana vizuri ukipima mashairi kwa saa ya mkononi. Ubeti wa tarbia una mishororo 4, kila mshororo mizani 16, jumla mizani 64. Ukisomwa kawaida unachukua kama sekunde 20. Ukighaniwa kwa sauti inayopanda na kushuka, ni sekunde 35 hadi 40. Shairi la beti 10 linaloghaniwa basi linakula dakika 6 hivi. Utenzi ni mwepesi kwa kila ubeti, mizani 32 tu, lakini ni mrefu: beti 100 kwa sekunde 17 kila mmoja ni dakika 28. Nusu saa ya redio, ukitoa muziki wa kufungulia, salamu na kuagana, ina dakika 26 au 27. Kwa hiyo utenzi wa beti 100, ambao ni mfupi kwa tenzi, hauingii. Unakatwa. Mtangazaji anasoma beti 12, anasema "na kuendelea", na msikilizaji hajui kwamba mwanzo ule wa dua na sifa ulikuwa unajenga kitu ambacho kingetua mwishoni.

Taarab inapata adhabu hiyohiyo. Wimbo wa vikundi vya jadi vya Unguja, kama Ikhwani Safaa iliyoanzishwa 1905, una utangulizi wa fidla na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, kabla mwimbaji hajafungua kinywa, na baina ya beti ala zinajibizana. Ukiufifisha kwenye dakika ya 4 ili uwahi tangazo, umechukua kiitikio na kuacha wimbo. Ngano ya kimapokeo, yenye "Paukwa!" na "Pakawa!" na wimbo unaorudiwa na wasikilizaji, inahitaji dakika 15 hadi 20 za mfululizo. Hapa siku nzima ina haki ambayo ratiba ya kawaida haiwezi kuitoa: inaruhusu kitu kiishe kinavyotaka chenyewe kuisha. Kwa hoja hii peke yake naona siku hiyo inastahili kuwepo.

Kuna na maktaba ya sauti. Redio za umma za Afrika Mashariki zimerithi kanda za miaka ya sitini, sabini na themanini ambazo hakuna kituo cha binafsi kitakachozipata. Katika ratiba ya kawaida kanda hizo hazitoki, kwa sababu kuzitoa ni kazi ya polepole. Kanda ya inchi 7 yenye futi 1,200, ikizungushwa kwa sentimita 19 kwa sekunde, ina kama dakika 32, na kuihamishia kwenye kompyuta kunachukua dakika 32 zilezile. Hakuna njia ya mkato. Ukitaka dakika 200 za kusikika vizuri hewani, usishangae ukisikiliza kanda 40. Baadhi zitagoma. Aina fulani za kanda za plastiki za poliesta za miaka ya sabini na themanini hunata: kanda inapopita kwenye vichwa vya mashine inalia kama mlango mkavu na kuacha unga wa kahawia. Ukisikia mlio huo simamisha mashine, futa vichwa kwa pamba na spiriti safi, na usilazimishe. Fundi mwenye kifaa cha joto la kudhibitiwa huiweka kwenye nyuzi 50 hivi kwa saa 8 au zaidi, huiacha ipoe, kisha huihamisha ndani ya siku chache kabla haijanata tena. Kanda kongwe zaidi, zile za asetati, zisipashwe kabisa, maana zinajikunja na kuharibika moja kwa moja. Siku maalumu inampa mkuu wa vipindi sababu ya kumlipa fundi huyo, na kanda iliyookolewa Mei kwa ajili ya Julai imeokolewa kwa miaka yote. Hakimiliki ishughulikiwe wakati huohuo, si wiki ya mwisho: warithi wa mwimbaji aliyefariki hawapatikani kwa simu moja.

Tatizo ni kwamba siku hizi maalumu mara nyingi hazijazwi na tenzi wala kanda. Zinajazwa na ukumbi. Mgeni rasmi anangojwa, itifaki inazingatiwa, meza kuu inatambulishwa mtu mmoja mmoja, na mawimbi ya taifa yanabaki kwenye kipaza sauti kilichofungwa mita 30 kutoka jukwaani, kikipokea mwangwi wa bati na viti vinavyoburuzwa. Kwa msikilizaji wa redio, ambaye haoni vitenge wala mabango, hizo ni dakika 90 za kelele. Wanaopinga siku nzima wakizitaja, wako sahihi. Dawa yake ni moja: hotuba irekodiwe kwa waya kutoka kwenye meza ya sauti ya ukumbi, ikatwe dakika 3 au 4 zenye uzito, zitolewe kwenye taarifa ya saa inayofuata. Mkuu wa kituo ndiye anayepaswa kuwaeleza wenye hafla mapema, kwa maandishi. Mtangazaji kijana aliyepelekwa ukumbini hana nguvu ya kukata matangazo waziri akiwa anazungumza.

Ugonjwa wa pili ni mjadala wa studio usio na mwisho. Wataalamu wanne kwa saa 2 wakisahihishana "makosa ya Kiswahili" huwafukuza watu haraka kuliko kitu kingine chochote, hasa msikilizaji wa Lamu, Mombasa au Bukavu anayeambiwa kwamba anachosema mama yake ni kosa. Watatu wanatosha pamoja na mwendesha kipindi, dakika 40, tena mmoja wao awe mtu anayeishi kwa lugha: manju, kungwi, nahodha, mnadi sokoni. Na kila baada ya dakika 10 mtangazaji arudi nyuma sentensi mbili: nani yuko studio, wanabishania nini, wamefikia wapi. Redio inasikilizwa na fundi cherehani, mama anayekaanga vitumbua, dereva. Wanaingia katikati na kutoka katikati. Usiporudi nyuma, aliyefungua dakika ya 25 anahisi amebisha hodi na hakuna aliyemkaribisha.

Simu ndizo moyo wa siku yenyewe, na ndizo zinazovurugika upesi. Kila mtangazaji anaujua mwanzo huu: "Haloo, haloo, nakusikia... naomba punguza sauti ya redio yako." Sekunde 20 zimekwenda, na kama redio ya mpigaji iko karibu, sauti yake inarudi hewani na kuanza kupiga mluzi. Mtu wa nje ya studio anapaswa kumpokea mpigaji kwanza, kumtaka azime redio, kumuuliza jina na anachotaka kusema, kisha kituo ndicho kimpigie. Vinginevyo salio linaisha katikati ya kitendawili, na anayekatika ni yule wa kijijini mwenye la kusema. Ukipanga hivyo, simu 10 hadi 12 zinaenea katika nusu saa bila kukimbizana.

Suala la tarehe lenyewe halizungumzwi vya kutosha. Julai 7 ni sikukuu Tanzania, Sabasaba, ukumbusho wa kuzaliwa TANU mwaka 1954. Watu hawamo kwenye daladala saa 1 asubuhi. Wako nyumbani au wanaelekea viwanja vya maonyesho Barabara ya Kilwa. Wingi wa wasikilizaji unahama kutoka alfajiri kwenda saa 4 na kuendelea, kwa hiyo utenzi mrefu ukae saa 4 asubuhi au baada ya taarifa ya saa 2 usiku. Kenya siku hiyo ni ya kazi, na jina Saba Saba lina kumbukumbu ya mikutano na maandamano ya kudai vyama vingi ya 1990. Mwaka 2025 maandamano yalirudi tarehe hiyohiyo, na watu wakafa. Redio ya umma haiwezi kurusha ngano huku mji unawaka. Ratiba ya Nairobi basi iwe ya vipande vya dakika 25 ambavyo kila kimoja kinaweza kuondolewa bila kuharibu kinachofuata. Na kituo kinachotaka kuungana na wenzao wa Bujumbura au Bukavu kikumbuke kwamba kule saa iko nyuma: saa 2 usiku ya Dar es Salaam ni saa 1 kwao.

Kwa hiyo nasimama upande wa siku nzima, ila kwa sharti ambalo wapinzani wake wamelistahiki: isitengenezwe kwa fedha na watu wa vipindi vya wiki bila kuvirudishia kitu. Kazi ianze Machi, kidogo kidogo, mtayarishaji akienda Pemba au Kondoa kwa kipindi chake cha kawaida arudi na ngano moja ya ziada. Kila rekodi iandikwe jina la msemaji, mahali, tarehe na lahaja siku hiyohiyo, si baadaye. Zile dakika 240 za makala na 200 za maktaba zinafanya 440, na kwa vipande vya dakika 27 zinatoa nusu saa 16. Anza kuzirusha wiki inayofuata, saa ileile, siku ileile, na zitafika karibu na mwisho wa Oktoba.