Chini ya Kakamega kuna nini?

Fundi anayenishonea viatu pale Kawangware ni mtu wa Kakamega, na akianza hadithi, sindano husimama. Jumamosi ilisimama karibu nusu saa. "Wewe kijana, kwetu watu wanatembea juu tu. Hawajui chini kuna barabara." Anasema njia za mgodi wa zamani wa dhahabu wa Rosterman zinafika hadi chini ya mji wenyewe, Wazungu walizifukia walipoondoka wakaacha mali humo, na kuna mbuzi aliyeingia upande mmoja akatokea wa pili baada ya siku tatu, amenenepa.

Mbuzi huyo simwamini. Lakini hadithi zenyewe siku hizi sizicheki.

Nilizicheka mpaka siku nilipopanga foleni ya pasipoti Nyayo House. Chini ya jengo lile la serikali, miaka ya 1980, watu waliotuhumiwa kuipinga serikali walifungiwa kwenye seli za giza, maji yakajazwa ndani, wakashinda na kulala humo. Nairobi ilinong'ona, wakubwa wakakana. Mwaka 2003 seli zikafunguliwa, raia wakashuka kujionea. Tangu hapo nikiambiwa chini kuna kitu, huuliza kwanza nani alichimba.

Kwa Kakamega, jibu lipo. Dhahabu ilipopatikana mwanzoni mwa miaka ya 1930, wazungu walimiminika. Sheria ya 1930 ilikuwa imewaahidi Waafrika kwamba ardhi ya hifadhi, yaani maeneo waliyotengewa na wakoloni, ni yao milele. Desemba 1932 ikarekebishwa, shamba liweze kuchukuliwa kwa ajili ya dhahabu bila mwenyewe kupewa jingine. Milele hiyo ilidumu miaka miwili. Rosterman nao ukafungwa 1952, mashimo yakabaki.

Kwa hiyo kuhusu njia, mzee hakosei sana. Tunachobishania ni mali. Kampuni ya madini haifungi virago ikaacha dhahabu yenye faida. Hufunga pale gharama ya kuitoa inapoishinda bei. Kinachobaki humo ni maji, hewa nzito na nguzo zilizooza.

Hapo ndipo hadithi ya hazina inaponiudhi. Huko Kakamega vijana bado wanashuka mashimoni, tochi kichwani, wakipanda na mawe ya kusaga na kuosha kwa zebaki, mikono mitupu. Ukimwambia kijana asiye na kazi kwamba kuna sanduku la Mzungu mbele kidogo, atasogea mbele kidogo. Mimi ningetaka ramani ya mashimo yale ibandikwe kwenye ofisi ya chifu, mtu aione kabla ya kuchimba msingi wa nyumba au choo. Kama hakuna, wazee waitwe wachore wanachokumbuka, na mbuzi wao wamtie humo humo.

Nilimwambia fundi haya yote. Akauma uzi, akanikabidhi kiatu.

"Yule mbuzi alikuwa wa babu yangu," akasema. "Lete mia mbili."